Siku Nyangumi Walipofungua Tangi la Free Area

Praful Mohanlal alizaliwa Nakuru mwaka wa 1927, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, na maishani mwake bahari aliiona mara moja tu. Hata hiyo mara moja hakuiona. Alikuwa ameenda Mombasa kumpokea Shakuntala, mchumba aliyechaguliwa na wazee kwa picha, na meli ilipofunga gatini alishikwa na hofu, akainamia viatu vyake. Bibi harusi akashuka ngazi, akatembea peke yake, akasimama mbele yake na kumuuliza kama hivyo viatu ndivyo vilivyotumwa kumchukua, au kuna mtu ndani. Jioni ile ile wakapanda gari la moshi kurudi bara. Bahari wakaiacha ilikokuwa, haijasalimiwa.

Kwa hivyo nikisema kwamba huyu ndiye aliyekuwa mtaalamu mkuu wa nyangumi katika Bonde la Ufa lote, usicheke upesi. Kumbuka wataalamu wengine wa miaka ile. Aliyefundisha wakulima kukamua alikuwa kijana wa ofisini aliyeogopa pembe. Aliyesimamia barabara ya kwenda Subukia alikuwa hajafika Subukia, kwa sababu ya barabara. Praful angalau nyangumi alikuwa amewasikia.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza redio. Duka lilikuwa la mlango mmoja nyuma ya soko, limejaa matumbo ya redio mpaka dari, na katikati ya matumbo hayo palikuwa na Praful, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Lakini kilichomfanya ajulikane ni spika nne za bati, zenye midomo kama maua ya malenge, ambazo alizibeba pamoja na betri za gari kwenda kila palipokuwa na baraza. Kutoka Njoro hadi Gilgil hakuna kiongozi aliyesikika bila Praful. Serikali ikikohoa kule Bahati, koo lilikuwa lake.

Kazi hiyo ya mabarazani aliifanya bure, na si kwa mapenzi. Miaka ile ya baada ya uhuru mfanyabiashara wa Kihindi alihitaji leseni mpya kila mwaka, na kabla ya leseni alihitaji barua ya diwani, kuthibitisha kwamba mwenye duka ni mtu wa faida kwa wananchi. Asiyepata barua alifunga duka, na aliyefunga duka alijua njia ya kwenda uwanja wa ndege. Mtaa wao ulikuwa ukipungua. Jirani huyu leo yupo, kesho mlango una kufuli na paka anashangaa. Shakuntala, au Mama Madhu kwa jina la mtoto wao, ambaye hakupenda kushtukizwa, alikuwa ameweka sanduku kubwa la bati karibu na mlango. Bado halikuwa na kitu. Wageni walilikalia.

"Ni benchi," Praful aliwaambia.

"Ni benchi mpaka barua ikose kuja," Shakuntala alisahihisha kutoka jikoni.

Sasa nyangumi. Nyangumi waliletwa na mzungu mmoja wa upande wa Naivasha, ambaye watu walimwita Komanda kwa sababu alikuwa amestaafu kutoka jeshi la majini na alizoea kuwapigia ng'ombe saluti. Ujana wake wote aliupitisha kwenye kisiwa fulani cha bahari ya joto, amevaa visikilizio masikioni, akisikiliza kipaza sauti kilichoteremshwa kilindini ili kunasa nyambizi za adui. Nyambizi hakuwahi kuinasa hata moja. Alinasa nyangumi, akawatia kwenye tepu, na wakubwa wake walipouliza kuna nini huko chini akasema kuna kwaya. Wakamstaafisha.

Alikuwa akileta redio nzima, isiyo na kasoro, ili Praful aitengeneze. Praful aliifungua, akaifunga, na wakati huo wote Komanda akaongea. Ndivyo Praful alivyojua kwamba baharini, ukishuka kidogo tu, jicho halina kazi tena kwa ajili ya giza, lakini sauti inakimbia majini zaidi ya mara nne ya inavyokimbia hewani, na inafika mbali sana. Basi wanyama wa huko wamehamia masikioni. Kuna mmoja mdogo, mwenye pua ya chupa, anayeruka ruka. Jina lake la Kiswahili Praful alipewa na Mama Kuluthum wa chai, mzaliwa wa Lamu: pomboo. Pomboo anatoa sauti ndogo za kugongagonga, anasikiliza zikirudi, na kwa mrejeo huo anajua samaki yuko wapi, mkubwa kiasi gani, na anaelekea wapi. Na sauti hiyo inayorudi anaipokea kwa taya. Tena kila pomboo ana mluzi wake mwenyewe, hauna mwingine, na anakwenda akiupiga ili wenzake wajue ni yeye.

"Yaani anatembea akitaja jina lake mchana kutwa," alisema Kiplangat. Huyu Kiplangat ndiye aliyekuwa mkono wa kulia wa Praful, mwanamume wa miaka arobaini, mpanda miti hodari, kwa maana spika lazima zifungwe juu.

"Mchana kutwa."

"Amechaguliwa wapi huyo?"

Lakini aliyempendeza Praful zaidi alikuwa nyangumi, yule mwenye mabawa marefu. Madume yake yanaimba. Si kelele, ni wimbo, wenye mafungu na viitikio, dakika tano, dakika ishirini, na ukiisha anaurudia kutoka mwanzo bila kuruka mstari. Mdomo umefungwa. Hakuna hata pumzi inayotoka.

"Anaimba na mdomo umefungwa," Kiplangat alirudia taratibu. "Huyo angetufaa. Kwaya ya Mwalimu Chepkemei iko na wale wanafungua mdomo na hawaimbi."

Mwaka wa 1964 Komanda aliuza shamba, akarudi kwenye kisiwa chake, na mashine yake ya tepu akamwachia Praful pamoja na tepu ya zamani ya nyangumi. Miaka saba baadaye ikaja tepu nyingine kwa posta, mpya kabisa, na barua. Nyangumi ni wa bahari ile ile, barua ilisema. Sikiliza, kisha uniambie kama mimi ni mwendawazimu.

Praful alizicheza zote mbili wiki nzima, wateja wakidhani kuna redio inayokata roho. Komanda hakuwa mwendawazimu. Wimbo ulikuwa umebadilika. Nyangumi wote wa tepu ya zamani waliimba wimbo mmoja, na wote wa tepu mpya waliimba mmoja, na huu haukuwa ule. Komanda aliandika kwamba haubadiliki siku moja. Mwaka huu wanapunguza hapa, wanaongeza mkia pale, mwaka ujao tena kidogo, na wote wanabadilika pamoja. Hakuna anayetangaza. Hakuna anayebaki nyuma.

"Na ule wa kwanza?" Kiplangat aliuliza. "Hata mmoja haukumbuki? Hata kwa siri?"

"Hakuna anayeuimba."

Kiplangat akaenda mlangoni, akachungulia barabara, kulia na kushoto, akarudi. "Bwana Praful, hao watu nawajua. Wanakaa viti vya mbele."

Katikati kabisa ya viti hivyo vya mbele alikaa Diwani Kahiga, mwenyekiti wa Kamati ya Maji, mtu aliyekuwa na koti la vifungo vitatu na tumbo la vifungo vitano. Mwaka wa 1972 alikuwa amekamilisha tangi la maji la mtaa wa Free Area. Lilikuwa tangi zuri sana. Lilisimama kwa miguu minne ya zege, limepakwa rangi nyeupe na kijani, na lilionekana kutoka barabara ya Nairobi. Kilichokosekana ni maji, maana bomba la kuyaleta lilifika kwenye shamba la Diwani mwenyewe likachoka. Lakini tarehe ya kulifungua ilikuwa imepangwa, Waziri Mdogo alikuwa ameahidi kuja, na ng'ombe wawili walikuwa wamekwisha kuambiwa.

Shida ilikuwa kwaya. Mwalimu Chepkemei, aliyeongoza kwaya iliyotakiwa na kila baraza, alikuwa ameitwa siku hiyo hiyo Molo, kumwimbia mkubwa aliyekuwa mkubwa kuliko Waziri Mdogo. Diwani akaamua kwaya irekodiwe mapema. Na tepu safi Nakuru nzima ilikuwa moja tu: ile mpya ya Komanda, iliyokuwa na nyangumi upande mmoja na upande wa pili mtupu.

Waimbaji thelathini wakaja dukani. Nusu waliingia, nusu wakaimba kutoka kwa fundi cherehani wa jirani. Wimbo uliitwa Tangi, beti nane, na Diwani alitajwa katika tano. Praful alirekodi vizuri, upande ule mtupu, na Chepkemei akaandika kwa wino juu ya gurudumu la tepu, upande wa kwaya: Kwaya ya Mwalimu Chepkemei. Kisha wakaicheza yote ili Diwani aikubali, na ilipofika mwisho, kabla Praful hajairudisha nyuma, Diwani akainyakua.

"Hii nalala nayo mimi. Nyinyi watu wa maduka mnaweza kuuza."

"Lakini inatakiwa kurudishwa nyuma."

"Nitarudi nayo."

Alirudi nayo asubuhi ya sherehe, uwanjani Free Area, tepu imevaa. Wakati wa usiku Diwani alikuwa ametazama lile jina la Chepkemei, likamkosesha usingizi, na kwa sababu wino haufutiki, alikuwa amebandika kitu upande wa pili: picha yake, ile ya kampeni, imekatwa mviringo kwa makasi, tundu la katikati limetokea puani.

Praful aliweka tepu kwenye mashine, upande wa Chepkemei juu, kama inavyotakiwa.

"Mimi niko wapi?" Diwani akauliza.

"Uko chini, Bwana Diwani. Kwaya iko upande huu."

"Waziri atakaa pale. Mashine iko hapa mbele yake. Ataangalia mashine, aone jina la mwalimu wa nasari, na mimi nimelala kifudifudi. Hivyo ndivyo mmepanga na huyo mama?"

"Nikigeuza, si kwaya itatoka."

"Itatoka nini?"

Praful alipangusa miwani. Alikuwa mtu mkweli, jambo lililompunguzia sana mafanikio. "Nyangumi."

Diwani alimtazama kama anayemtazama mbuzi aliyeomba kiti.

"Praful," alisema kwa upole, "barua yako ya leseni iko mfuko huu. Bado sijaweka sahihi. Kalamu iko mfuko ule. Unaona ziko mbali?"

"Naona."

"Sasa zinataka kukutana au zinataka kuendelea kukaa hivyo?"

Kiplangat alikuwa juu ya mkaratusi akifunga spika ya nne, na aliyasikia yote. "Bwana Praful," akasema kutoka huko matawini, kama anayeulizia waya, "Mama Madhu amenunua kufuli ya lile sanduku?"

Praful alijiona amekaa kwenye ndege, sanduku liko chini yake, anakwenda nchi ambayo hakuwa na jirani hata wa kugombana naye. Akaigeuza tepu. Kwa sababu ilikuwa imechezwa mpaka mwisho, upande wa pili ulikuwa tayari mwanzoni kabisa, haukuhitaji kuguswa. Uso wa Diwani ukatazama mawingu, chuma cha mashine kimempitia puani, na Diwani akaridhika.

Hapa lazima nieleze desturi, kwa wale ambao hawakusimama katika mabaraza yale. Kitu cha kwanza kutoka kwenye spika huwa ni wimbo wa kumpokea mgeni, na spika ikilia, unasimama. Hungoji kujua ni nini. Watu walikuwa wamezoea hata spika ikipiga mluzi wa kujaribu, mia mbili wanasimama na kuvua kofia. Na hukai mpaka mgeni akae, na mgeni hakai mpaka wimbo uishe.

Waziri Mdogo akafika, akapanda jukwaani. Praful akabonyeza.

Kwanza ilikuwa kimya, kimya kinene cha kilindini. Kisha ikaja sauti moja ndefu, ya chini, kama mlango wa ghala unaofunguliwa na mtu asiye na haraka. Uwanja mzima ukasimama. Sauti ikapanda, ikapanda tena, ikawa kama ng'ombe aliyekumbuka jambo la zamani, ikavunjika juu kabisa na kuwa kilio chembamba, kisha ikaanguka taratibu mpaka miguu ya viti ikatetemeka. Kwa mbali, nyangumi wa pili akaitikia. Mbwa wote wa Free Area wakakaa chini.

Diwani Kahiga alikuwa amebadilika rangi kadiri alivyoweza. Alimtazama Praful. Praful alimtazama Waziri Mdogo. Waziri Mdogo alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, na usoni mwake hamkuwa na swali. Kwa maana fikiria na wewe: angeuliza huu ni wimbo gani, je, kama ni wimbo mpya ulioletwa kutoka juu, na yeye peke yake hajaambiwa? Watu walipoteza vyeo kwa kidogo kuliko hicho. Afadhali uzito wa uso.

Nyuma yake wazee wa kamati walimwona hakushangaa, nao wakaacha kushangaa. Katibu akatikisa kichwa kama mtu anayesikia ubeti aupendao. Mweka hazina, ambaye hakutaka katibu aonekane anaujua kuliko yeye, akaanza kuvumisha puani. Katibu naye akavumisha. Dakika ya tano wimbo ukarudi kwenye fungu lake la kwanza, na sasa ikawa rahisi, kwa sababu wamelisikia. Dakika ya tisa jukwaa lote lilikuwa linaimba, midomo imefungwa, macho mbele, na dakika ya kumi na mbili akina mama waliokuwa nyuma kabisa, karibu na masufuria, wakaongeza sauti ya pili ambayo hata nyangumi hawakuifikiria. Jua lilikuwa kali. Wimbo ulikwenda dakika kumi na nane. Wawili walizirai, wakasimamishwa na majirani.

Waziri Mdogo akakata utepe na kufungulia mfereji. Mfereji ukatoa pumzi ndefu, hhhhsss, halafu basi. Watu wakadhani ni mwisho wa wimbo. Wakapiga makofi, wakakaa.

"Huu wimbo," Waziri Mdogo alisema, akijifuta jasho, "ni wa nani?"

"Ni wa kamati, Mheshimiwa," alisema Diwani.

"Kamati haitungi wimbo. Mtu mmoja anatunga, kamati inaharibu. Nani?"

Diwani hakujua bado kama kinachokuja ni sifa au ni pingu, na hali ikiwa hivyo busara yake ilikuwa moja. Akanyoosha kidole. "Ni huyu Mhindi."

Praful akaitwa mbele. Waziri Mdogo akamwangalia kutoka miwani mpaka viatu, naye Praful kwa mazoea akaviangalia viatu pia.

"Ni lugha gani hiyo?"

"Ni ya watu... ni ya wanaokaa majini, Mheshimiwa."

"Watu wa pwani."

"Zaidi kidogo ya pwani."

"Nilijua," alisema Waziri Mdogo. "Iko na uzito. Nataka uimbwe kila baraza la wilaya hii. Mtu kama huyu tumtunze. Diwani, huyu amepata makaratasi yake?"

Hapo ndipo kalamu na barua zilipokutana, mbio, mgongoni mwa katibu. Na kwa kuwa Waziri Mdogo alikuwa akichungulia, Diwani hakuandika kwamba Praful anatengeneza redio. Aliandika kwamba mwenye barua ni mtunzi na mwimbaji, mwenye faida kubwa kwa wananchi. Ofisi ya leseni haikuuliza; ilinakili. Leseni ilipokuja, mbele ya neno Biashara palikuwa pameandikwa: Kuimba.

"Baba Madhu," Shakuntala alisema alipoisoma, "miaka ishirini na miwili nimekaa na wewe. Hata bafuni."

"Ni leseni," alisema Praful. "Duka linabaki."

Sanduku nalo likabaki pale pale mlangoni. Shakuntala hakuamini karatasi iliyokosea jambo dogo hivyo.

Aliyekuja na hasira alikuwa Mwalimu Chepkemei. Wimbo wake wa beti nane haukuchezwa, na sasa tarishi alikuwa amemletea amri ya kuifundisha kwaya yake wimbo wa tangi uliochezwa badala yake. Akaketi juu ya sanduku, mkoba magotini.

"Nimeambiwa wewe ndiye mtunzi. Niimbie."

"Mwalimu, si mimi. Ni mnyama wa baharini."

"Samaki."

"Si samaki. Anavuta hewa, ananyonyesha."

"Ananyonyesha na anaimba," Chepkemei alisema. "Na anaimba kwa nini?"

"Hakuna anayejua hasa. Wanaoimba ni madume."

"Basi tumejua."

Lakini Praful alipoicheza tepu, yule mama alisogeza sikio karibu na mashine. Alikuwa mwalimu wa nyimbo kweli, si wa makofi. Baada ya muda akatoa kalamu na kuanza kuchora mistari, inayopanda na kushuka. "Anarudia hapa mara nne," alisema. "Halafu anaingia fungu la pili, na linamalizika kama la kwanza lilivyomalizika, ili asisahau. Hata mimi ndivyo ninavyowafundisha wale ambao hawajui kusoma." Akaomba arudishiwe mwanzo. Alikuja wiki tatu mfululizo, na kwaya yake ikaimba wimbo wa nyangumi mabarazani, midomo imefungwa, kwa ustadi uliowaliza watu wazima. Nadhani Chepkemei ndiye kiumbe pekee wa wilaya ile, ukiondoa Praful, aliyeusikiliza.

Miaka miwili ukaimbwa. Uliimbwa kufungua josho la ng'ombe, kufunga josho lile lile, na kumuaga D.O., yule mkuu wa tarafa, aliyehamishwa. Kila mwaka barua ikaja na kila mwaka leseni ikasema Kuimba. Mwaka wa 1974 ukaja uchaguzi, na Diwani Kahiga akaanguka, vibaya, maana Free Area walikuwa bado wanachota maji kwa punda. Jumatatu wimbo ulikuwa kila mahali. Ijumaa haukuwapo. Katibu wa kamati, aliyebaki katibu, alisema hajawahi kuusikia. Mweka hazina alisema aliusikia ukiimbwa na watu fulani. Hakuna aliyetangaza.

"Umeona?" Kiplangat alimwambia Praful. "Komanda hakukudanganya. Wamegeuka wote pamoja, hata maji hayajatikisika."

Wiki ya pili mkaguzi wa leseni akaingia dukani, mtu mpya wa diwani mpya, na faili kwapani. Akaisoma leseni iliyotundikwa ukutani. Akazitazama redio.

"Hapa imeandikwa biashara ni kuimba. Mimi naona mabetri."

"Natengeneza pia," alisema Praful.

"Kutengeneza hakuna leseni. Kama huimbi, nafunga leo." Akafungua faili. "Na kama unaimba, nimeambiwa ni ule wa yule aliyeanguka. Kama ni ule, pia nafunga. Haya. Imba."

Kiplangat aliacha kukunja waya. Jikoni sufuria ilinyamaza. Shakuntala akatoka, akasimama karibu na sanduku, mkono juu ya kifuniko.

Praful alivua miwani. Alikuwa na wimbo mmoja tu duniani. Akaufikiria kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha akafikiria ile barua ya Komanda: wanapunguza hapa, wanaongeza mkia pale.

Akafunga mdomo, akaimba. Alianza na ule mlango wa ghala, akaupandisha polepole, na sauti yake, ambayo kwa miaka ishirini na minne ya ndoa haikuwahi kusikika bafuni, ilitoka tumboni nene na ya huzuni. Fungu la kwanza lilikuwa lile lile. Mkaguzi akaanza kukunja uso, akashika kalamu. La pili Praful alilikata nusu. Na alipofika pale juu, mahali nyangumi anapovunjika na kuanguka mpaka chini, hakuanguka. Alisimama huko huko, akaacha pumzi itoke taratibu kati ya meno: hhhhsss. Mfereji wa Free Area, kama ulivyo.

Akarudia. Mara ya pili Kiplangat alikuwa ameshika sauti ya chini. Mara ya tatu cherehani ya jirani ilikuwa imesimama, na kupitia ukutani fundi alikuwa akiimba mkia mpya bila kukosea, kama mtu aliyezaliwa nao. Upande wa pili wa barabara Mama Kuluthum akaitikia juu ya birika.

Mkaguzi alikuwa amesimama na kofia mkononi. Hakukumbuka aliivua lini.

"Huu si ule," alisema.

"Si ule," alisema Praful.

"Ule ulikuwa unaanguka. Huu hauanguki." Akaandika kitu, akagonga muhuri. "Diwani mpya ataupenda. Anasema maji yanakuja."

Akatoka. Walimsikia akishuka barabara na faili lake, akijaribu ile hhhhsss ya mwisho, mara akaikosa, mara akaipata.

Shakuntala alingoja mpaka amekata kona. Kisha akaliburuta sanduku kutoka mlangoni, likilia juu ya sakafu, akalipeleka chumbani na kuanza kupanga ndani yake mablanketi ya baridi.

"Na mwaka ujao?" aliuliza kutoka huko.

"Mwaka ujao," alisema Praful, akivaa miwani, "nitapunguza kidogo hapo katikati."